Maswali ya Wasomaji: "Mshauri", mhadhiri au kibarua wa chuo?

Swali: Ni miaka miwili sasa nikiwa msaidizi wa utafiti katika mradi wa ngano wa chuo kikuu hapa Njoro, kwa mikataba ya miezi mitatu mitatu. Barua zote zinaniita "mshauri". Nalipwa kila mwezi na kukatwa asilimia 5 pekee. Mimi ni mwajiriwa au la? *Msomaji, Njoro*

Jibu: Kwa maelezo yako, yaelekea wewe ni mwajiriwa. Jina lililo kwenye barua halimalizi mjadala, kwani mahakama ya kazi huangalia kazi ilivyo. Nani anakupangia saa? Vifaa ni vya nani? Unaweza kumtuma mwenzako akakufanyie zamu? Mshauri halisi hupewa kazi yenye kikomo, kama vile kuchanganua data na kuleta ripoti, hulipwa kwa ripoti hiyo, na yuko huru kuwafanyia wengine. Anayefika shambani saa mbili asubuhi, akapima mimea kwa ratiba ya mtafiti mkuu na kuomba ruhusa ya kwenda hospitali, ni mfanyakazi.

Hiyo asilimia 5 ni kodi ya zuio, yaani kodi ambayo mlipaji huikata kabla ya kukupa pesa, inayotozwa ada za ushauri. Mwajiriwa hukatwa PAYE (kodi ya mshahara), NSSF (akiba ya uzeeni), SHIF (bima ya afya) ya asilimia 2.75 ya mshahara kabla ya makato mengine, na ushuru wa nyumba wa asilimia 1.5. Mwajiri naye hutoa asilimia 1.5 yake ya ushuru huo, na sehemu yake ya NSSF. Hapa ndipo miradi mingi huteleza: bajeti iliyopelekwa kwa mfadhili haikutenga michango ya mwajiri, kwa hivyo watu wanageuzwa washauri. Ni makosa, na anayeumia ni wewe: huna likizo, huna akiba ya uzeeni, na ukijeruhiwa kazini utaambiwa ujitibu.

Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 inataka mkataba wa miezi 3 au zaidi uandikwe. Kesi ikifika kortini na mwajiri akose kutoa mkataba huo, ni juu yake kuthibitisha au kukanusha sharti unalodai. Likizo ya mwaka ni angalau siku 21 za kazi kwa kila miezi 12 mfululizo.

Lakini usidai usichoweza kupata. Mikataba ya muda maalumu ikifuatana haikufanyi mfanyakazi wa kudumu mwenye pensheni. Kwa kawaida mahakama zetu huona kuwa mkataba wa aina hiyo hukoma tarehe yake ikifika, isipokuwa uonyeshe kwamba mwajiri, kwa ahadi au mwenendo wake, alikupa sababu ya kutarajia kuongezewa mkataba. Dai utambuliwe kama mwajiriwa wa mkataba, pamoja na likizo na michango ya miaka hiyo miwili.

Kusanya barua zote, taarifa za benki, daftari la mahudhurio na barua pepe za maagizo. Kisha mwandikie mtafiti mkuu, nakala kwa idara ya wafanyakazi, uulize jambo moja: mwajiri wangu ni nani? Mfadhili huwa si mwajiri, wala mtafiti mkuu kwa nafsi yake. Kama barua zako zimesainiwa na yeye peke yake, chuo kinaweza kukukana, kwa hivyo omba barua kutoka afisi ya msajili wa chuo. Wakikaa kimya, nenda kwa afisa wa kazi wa kaunti, kisha Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi, Nakuru. Usichelewe: kwa kawaida muda wa kushtaki ni miaka 3.

Swali: Mimi ni fundi wa maabara chuoni, nina shahada ya uzamili na ninasimamia masomo ya vitendo ya wanafunzi. Kwa nini nisihesabiwe mhadhiri? *Msomaji, Kakamega*

Jibu: Hizo ni ngazi mbili tofauti, na saa za maabara hazikuvushi. Ngazi ya wahadhiri hufuata vigezo vya Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, na kwa kawaida mhadhiri hutakiwa awe na shahada ya uzamifu (PhD). Njia yako ni kujisajili kwa uzamifu na kuomba nafasi ya mhadhiri msaidizi inapotangazwa. Kwa sasa, dai maelezo ya kazi yako yaandikwe upya yataje ufundishaji huo, ili gredi yako ipitiwe. Tazama pia makato ya chama cha wafanyakazi kwenye hati yako ya mshahara: UASU ni ya wahadhiri, KUSU ya gredi za kati na KUDHEIHA ya gredi za chini. Ukiwa katika chama kisicho chako, mkataba wa pamoja (makubaliano ya chama na mwajiri) unaokuhusu hautakuwa mikononi mwa anayekutetea.

Swali: Tutachukua vijana 20 wa kuhoji familia kwa wiki tatu. Tuwaandike vibarua? *Msimamizi wa mradi, Kisumu*

Jibu: Hapana. Kibarua kisheria hulipwa mwisho wa siku, na haajiriwi kwa zaidi ya saa 24 kwa mara moja. Wape mkataba mfupi wa wiki tatu, ulipwe muda huo unapoisha. Msilipe kwa kila fomu iliyojazwa: sheria inaruhusu kazi ya kipande, ila fomu za kubuni hufuata papo hapo. Hesabuni ujira kwa siku walizofanya kazi, mrudie baadhi ya nyumba kukagua, na nauli na pesa za simu ziandikwe kando na ujira.