Jibu: Fereti niliyemwokota amekonda, anakunywa maziwa tu

Dada, pole na hongera kwa moyo huo. Umesema umemkuta fereti huyo, kale kamnyama kembamba ka kufugwa, nyuma ya nyumba huko Leicester, Uingereza, mbavu zinahesabika, na unampa maziwa na mkate. Acha vyote viwili leo hii. Fereti ni mla nyama tupu kama jamaa yake kicheche. Maziwa yatamharisha, na mkate tumbo lake haliuwezi.

Wangu nilimwanza na chakula kikavu cha watoto wa paka, nikakiloweka kwenye maji ya vuguvugu hadi kikawa kama uji mzito, nikampaka mdomoni kwa kidole. Mara ya kwanza aligeuza uso. Ya pili akalamba. Ya tatu akaning'ata kidole, nikajua huyu sasa anapona! Mpe kidogo kidogo kila baada ya saa 3 au 4, hata usiku, maana chakula hakikai sana tumboni mwake.

Vuta ngozi ya shingoni uiachie. Ikikawia kurudi, amepungukiwa maji, na hapo ni daktari wa wanyama, si jikoni tena. Akidondosha mate au miguu ya nyuma ikilegea, huenda sukari imeshuka: mpake asali kidogo kwenye ufizi, mkimbize kwa daktari. Huko watamwangalia pia kama ana chipu, kile kidude kidogo cha utambulisho kinachowekwa chini ya ngozi. Labda mwenyewe anamtafuta.

Na ukishikwa na homa ya mafua, mwachie mtu mwingine amhudumie. Anaambukizwa na sisi.