Sampu mpya kwa tangi kuukuu: kwa vijana mnaoanza kazi hii

Tangi la samaki la maji ya chumvi lililoachwa muda mrefu bila matunzo humtia mtu pupa. Kioo kimeota mwani, sponji zimejaa tope la kahawia, pampu inakoroma, na mwenye nyumba amesimama mgongoni pako anataka lisafishwe leo leo. Vijana wanaonijia kuuliza habari za sampu, yaani lile tangi la chini linalochuja maji, karibu wote huanza na swali la pampu: ninunue ya ukubwa gani? Mimi huwarudisha kwenye zile sponji chafu. Humo ndimo wanamoishi bakteria wanaogeuza amonia ya samaki, ambayo ni sumu, kuwa nitriti, kisha nitreti. Ukizitupa zote siku moja na kufunga sampu mpya inayong'aa, maji yatatakata na samaki watakufa humo humo.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuwahamisha bakteria hao wakiwa hai. Toa maji kidogo kwenye tangi lenyewe, yatie ndooni, suuza sponji humo mpaka tope kubwa litoke, basi. Usitumie maji ya mfereji, kwani klorini yake inawaua. Zitie katika sampu mpya zikiwa bado zimelowa, zikae pamoja na vichujio vipya kwa mwezi na nusu hivi, ndipo uanze kuzipunguza moja moja.

Kabla hata ya kugusa bomba, pima chumvi. Kwetu Unguja bahari iko karibu na maji yake hayauzwi, basi kila tangi likipungua, mwenyewe hujazia maji ya bahari. Lakini kinachopotea kwa joto ni maji matupu, chumvi inabaki. Tangi lililojaziwa hivyo kaskazi nzima utalikuta na chumvi nyingi mno, na samaki wake wameshazoea. Maji ya bahari ya kawaida yana gramu 35 za chumvi kwa kilo, na rifraktomita, kile chombo cha kupimia chumvi, husoma karibu 1.026. Ukikuta imepita hapo, ishushe polepole, 0.001 kwa siku, kwa kujazia maji matamu yaliyochujwa kwa mashine. Maji ya visima vyetu mengi yanatoka kwenye mwamba wa matumbawe, yana chokaa nyingi na mahali pengine yana chumvi tayari. Mimi siyatii.

Sasa sampu yenyewe. Hesabu inayowashinda wengi ni ile ya umeme kukatika. Pampu ikisimama, maji ya juu yanarudi chini kwa bomba lile lile lililoyapandisha, mpaka mdomo wa bomba upate hewa. Chukua tangi la sentimita 120 kwa 45: kila sentimita moja ya kina ni lita 5.4. Mdomo wa bomba ukiwa sentimita 5 chini ya usawa wa maji, zitateremka lita 27. Kwenye sampu ya sentimita 60 kwa 40, lita hizo zinapandisha maji kwa zaidi ya sentimita 11, na bado hujahesabu yaliyomo ndani ya mabomba. Kama hukuacha nafasi hiyo, zulia la mwenye nyumba litayapokea maji hayo. Wako wanaotoboa tundu dogo kwenye bomba ili livute hewa mapema, na ni vizuri, lakini tundu hilo huzibwa na mwani na konokono wadogo. Usilitegemee peke yake. Inua mdomo wa bomba karibu na usawa wa maji, kisha uzime pampu kwa makusudi, mwenye nyumba akiwepo, uone maji yanapoishia. Pale yalipoishia piga mstari kwenye kioo.

Kama nyumba ni ya Mji Mkongwe na tangi liko orofani, jua kwamba sakafu inabebwa na boriti za mikoko, nyingine za zamani sana. Lita 100 za ziada ni zaidi ya kilo 100, mbali na kioo na mawe. Sogeza tangi ukutani, pale boriti zinapoingia kwenye ukuta, na boriti yenye dalili ya kuoza muite fundi kwanza. Hilo silifanyii mjadala hata mwenye nyumba akikasirika.

Madukani Darajani utauziwa koki nzuri za shaba. Ziache. Shaba ikiyeyuka majini, hata kidogo, inaua kamba, kaa na matumbawe. Tumia plastiki tupu, hata klempu za kubania mabomba zisiwe za chuma. Silikoni nayo iwe ile isiyotiwa dawa ya kuzuia ukungu, na ikishapakwa ipewe siku kadhaa mpaka harufu ya siki iishe kabisa. Sampu ijaribiwe nje uani kwa maji ya mfereji, usiku kucha, kabla haijaingia ndani.

Vyumba vyake si vigumu: soksi ya kuchujia mwanzo, uibadilishe kila siku tatu au nne, kisha skima, yaani chombo kinachotoa uchafu majini kwa povu, kisha mwani, pampu mwisho. Skima inataka kina cha maji kisichobadilika, kwa hiyo isikae chumba kimoja na pampu, ambako maji hupungua kila siku. Siku za mwanzo itatoa povu ovyo au isitoe kabisa. Iache ijizoeze. Taa ya mwani iwake usiku, wakati ya juu imezimwa, na mwani ukijaa uvune, maana nitreti hutoka pamoja nao.

Mchanga wa zamani usiukoroge. Chini kukiwa kweusi na kunanuka mayai viza, hiyo ni gesi ya sumu. Badilisha maji sehemu moja kwa kumi kila wiki, na maji mapya uyachote bahari ikijaa, mbali na bandari na mitaro, si baada ya mvua za masika.

Waliokuwepo Unguja toka Disemba 2009 hadi Machi 2010 wanajua umeme unaweza kukosekana miezi, si saa tu. Nunua pampu ya hewa ya betri pamoja na sampu, siyo baadaye. Umeme ukirudi baada ya saa nyingi, usiwashe pampu hapo hapo: sponji zilizokaa bila maji kutembea zimeshaoza ndani. Zisuuze kwanza kwa maji ya tangi, pima amonia, na kama imepanda, badilisha robo ya maji na usiwalishe samaki siku mbili.