Ndiyo, nafunga mabomba Ujerumani

Jamani naona swali limezunguka ukoo mzima kuanzia Chang'ombe mpaka Kongwa, eti mtu ana digrii yake ya biashara halafu anaenda Ujerumani kufunga mabomba? Ndiyo, nafunga mabomba, na mifumo ya kupasha nyumba joto, manake baridi ya huku haina utani.

Kazi ya ofisini niliipata mbona. Cheo chake ukikiandika kwenye kadi ya harusi hapo Dodoma unakaa meza ya mbele, ila kazi yenyewe ni hedifoni masikioni kuanzia asubuhi, unapigia watu wasiokujua unawabembeleza wanunue, tena kwa Kijerumani, na usipouza mshahara unasinyaa. Mimi huyu ambaye hata zabibu za baba nilikuwa namwachia dada ndo aongee na wateja? Mnanijua. Lakini pampu ya shambani Hombolo ikigoma alikuwa anaitwa nani, naisikiliza tu najua hii beringi imekwisha.

Huku ufundi una njia yake inaitwa Ausbildung, unasaini mkataba na kampuni, siku nyingine uko saiti na fundi siku nyingine darasani, na unalipwa toka mwezi wa kwanza japo kidogo. Fani yangu ni miaka 3 na nusu. Januari boila ikizima kwa bibi anayeishi peke yake unamkuta kavaa koti ndani, unashuka chini ya nyumba, magoti yanauma kwelikweli, unakuta pampu imekwama, ukiiamsha radieta za vyumbani zinaanza kupata moto, bibi analeta kahawa. Hakuna anayeuliza cheo.

Pesa? Mshahara wa kwenye mkataba sio unaoingia benki. Kuna kodi, bima ya afya, bima ya kukosa ajira, pensheni peke yake ni asilimia 9.3 yako na mwajiri anaweka nyingine kama hiyo, bado pango. Kwahiyo nikichelewesha mchango wa sendofu msininunie.

Sasa shangazi, huyo mdogo wangu anayeshinda gereji pale Majengo mnamlazimisha asomee sheria kwa nini? Muulizeni yeye kwanza. Kama anataka njia hii aanze Kijerumani sasa hivi, kampuni nyingi zinataka B1 au B2, yaani ngazi za kati za lugha, na vyeti avipige picha upya, ile aliyotuma juzi kidole kimeziba maksi za fizikia.