Skripti inaposema seva ni salama ilhali haikuiuliza

Zipo hitilafu zinazojitangaza zenyewe: skripti inakatika katikati, ujumbe wa kosa unatokea kwenye skrini, nawe unajua pa kuanzia. Hitilafu ninayoieleza hapa haikuwa ya namna hiyo. Skripti ilifika mwisho bila tatizo lolote na kutoa ripoti safi, nami nikaiamini.

Nilikuwa na idhini ya maandishi ya kukagua seva ya chama kimoja cha akiba na mikopo. Miongoni mwa mambo niliyotakiwa kuyathibitisha ni kwamba seva hiyo haikubali tena TLS 1.0, toleo la mwaka 1999 la itifaki ya kusimba mawasiliano ya mtandaoni ambalo, pamoja na TLS 1.1 ya mwaka 2006, lilitangazwa rasmi na IETF, jumuiya inayoweka viwango vya intaneti, mwezi Machi 2021 kuwa halifai tena kutumika. Nilitumia skripti ndogo ya Bash ya chanzo huria, ambayo huita amri ya openssl s_client (sehemu ya OpenSSL, programu ya usimbaji, inayojaribu kuunganika na seva) mara moja kwa kila toleo la itifaki, kisha huandika ama "imekubali" ama "imekataa". Kwenye kompyuta mpakato yangu yenye mfumo wa uendeshaji wa Ubuntu 22.04, iliandika kwamba TLS 1.0 imekataliwa. Siku mbili baadaye mwenzangu aliirudia kazi ileile kwenye mashine ya zamani yenye Ubuntu 18.04, na skripti ileile, dhidi ya seva ileile, ikaandika kwamba TLS 1.0 imekubaliwa.

Majibu mawili yanapopingana hivyo, mtu huvutwa kuitilia shaka seva au mtandao. Nashauri uanze na mashine yako mwenyewe, kwa kuwa ndiyo kitu pekee kilichobadilika. Amri ya openssl version ilionyesha tofauti mara moja: kule kulikuwa na toleo la 1.1.1, kwangu toleo la 3.0.2. Hatua iliyofuata ilikuwa kuifungua skripti na kuitafuta amri yenyewe ili niiendeshe kwa mkono, na hapo nikakuta kwamba mwandishi alikuwa ameimalizia kwa 2>/dev/null, yaani kila ujumbe wa kosa ulikuwa ukitupwa kabla mtu hajausoma. Nilipoiondoa sehemu hiyo, kosa lilionekana waziwazi: "no protocols available", na chini yake taarifa kwamba baiti 0 zimesomwa na baiti 7 zimeandikwa.

Namba hizo mbili zinastahili kutazamwa kwa makini, maana ndimo jibu lilimo. Salamu ya kwanza ya TLS, yaani ujumbe ambao kompyuta huanza nao mazungumzo na seva, huchukua baiti nyingi zaidi ya saba, kwa kuwa hubeba orodha ya mbinu za usimbaji, namba nasibu na mambo mengine. Baiti saba zinatosha kichwa cha rekodi chenye baiti tano na tahadhari, yaani ujumbe mfupi wa kutaarifu kosa, yenye baiti mbili tu. Kwa hiyo kompyuta yangu ilikuwa imefungua muunganisho, ikagundua kwamba sheria zake za ndani hazimruhusu mtumiaji kuzungumza TLS 1.0, ikatuma tahadhari na kuondoka. Seva haikuwa imekataa chochote, kwa sababu haikuwa imeulizwa. Nilithibitisha kwa tcpdump, zana inayoonyesha data inayopita kwenye mtandao, na nakuomba nawe uthibitishe hivyo badala ya kutegemea kisio, hata pale kisio kinapoelekea kuwa sahihi.

Chanzo chake kinafahamika. OpenSSL ina ngazi za usalama, na kuanzia toleo la 3.0, TLS 1.0 na 1.1 hufanya kazi katika ngazi ya 0 peke yake, kwa sababu zinategemea sahihi za kidijitali za SHA-1, mbinu ya zamani iliyo dhaifu. Ubuntu nayo imeweka ngazi ya 2 kuwa ya kawaida tangu toleo la 20.04. Huo ni uamuzi mzuri kwa mtumiaji wa kawaida, lakini anayekagua anahitaji zana inayoweza kuzungumza hata lugha iliyokatazwa. Kwa amri hii, dawa ni kuongeza -cipher 'DEFAULT@SECLEVEL=0'. Nilipoiongeza, kompyuta yangu nayo ilionyesha kwamba seva inaikubali TLS 1.0.

Hata hivyo, kuongeza maneno hayo hakumalizi tatizo. Kosa kubwa zaidi lilikuwa katika mantiki ya skripti, iliyohesabu kila kushindwa kwa amri kuwa ni kukataa kwa seva. Ukijaribu SSL 3, itifaki iliyoitangulia TLS, kwenye Ubuntu, ambako OpenSSL imejengwa bila itifaki hiyo, amri hushindwa kwa kutolitambua chaguo lenyewe, na skripti ya aina hii itaandika tena "imekataa". Majibu yanapaswa kuwa matatu: imekubali, imekataa, na haikuweza kupimwa. Ndiyo maana testssl.sh, ambayo nayo ni skripti ya Bash, huunda yenyewe salamu za TLS na kuzituma moja kwa moja kwa sehemu kubwa ya vipimo vyake, bila kutegemea OpenSSL iliyomo kwenye mashine.

Kabla ya kutuma marekebisho kwa watunzaji wa mradi, niliwasha seva dhaifu kwenye mashine yangu kwa openssl s_server, ikiwa na TLS 1.0 peke yake, nikaielekezea skripti ya awali. Ikaandika "imekataa". Mfano huo mmoja, ambao mtunzaji angeweza kuurudia kwa dakika mbili, ulikuwa na nguvu kuliko aya nne za maelezo nilizokuwa nimeziandika, na pia uliniwezesha kuripoti hitilafu bila kutaja jina wala anwani ya seva ya chama. Niliambatanisha toleo la mfumo, toleo la OpenSSL, amri kamili na matokeo yake yote bila kukatwa.

Chama nacho nilikipelekea ripoti iliyosahihishwa, nikieleza wazi kwamba ile ya kwanza ilikuwa na kosa na kwa nini. Fundi wao alizima TLS 1.0 na 1.1 jioni ileile. Nilipopima tena, salamu kamili ilitoka kwenye mashine yangu, na kutoka kwa seva ikarudi tahadhari namba 70, ambayo maana yake ni kwamba toleo hilo la itifaki halikubaliki.