Swali la lugha: Mór au Mhór?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Ninaishi Ayalandi. Katika kaunti ya Waterford kuna kibao cha barabarani kilichoandikwa Lios Mór, na kingine Aird Mhór. Nimeambiwa yote mawili ni neno "kubwa". Hiyo h ni kosa la chapa, au ni upatanisho kama wetu wa mkubwa na kikubwa?

JIBU: Marahaba. Si kosa, ni upatanisho, ila si wa viambishi kama wetu. Nomino za Kiayalandi zina jinsia mbili. Lios, yaani boma la kale la mviringo, ni ya kiume, kwa hiyo kivumishi kinabaki mór. Aird, mahali palipoinuka, ni ya kike, nayo huilainisha m ikawa mh, inayotamkwa v kusini na w kaskazini. Wachapaji wa zamani hata h hawakuitia. Waliweka nukta juu ya m.

Chanzo chake kinavutia mno. Hapo kale nomino nyingi za kike ziliishia kwa irabu. M ya kivumishi ikabanwa kati ya irabu mbili, ikalegea. Nomino nyingi za kiume ziliishia kwa s, na s hiyo ikaikinga m. Baadaye miisho ikadondoka, lakini ulegevu ukabaki, na leo, katika umbo la kawaida la umoja, ndio unaotambulisha jinsia.

Neno lenyewe ni kongwe. Kiwelisi, lugha ndugu ya Kiayalandi, kina mawr, na Wagauli, wenyeji wa kale wa Ufaransa ya leo, walikuwa nalo mwishoni mwa majina ya watu, kama Segomaros. Kiayalandi cha Kale kiliandika mór au már.

Kivumishi chetu hubadilika mwanzoni tu. Chao hubadilika hata mwishoni. Mwanamume mkubwa ni fear mór, mwanamke mkubwa bean mhór, wanaume wakubwa fir mhóra, wanawake wakubwa mná móra. Kwenye umilikaji, "cha yule mwanamume mkubwa" ni an fhir mhóir, na cha mwanamke ni na mná móire. Katika kulinganisha, sisi twaongeza zaidi na kuendelea. Wao huliacha umbo la mór wakashika mó: níos mó ni kubwa zaidi, is mó ni kubwa kuliko vyote.

Unapoandika majina hayo ndani ya Kiswahili, yanakili kama yalivyo kibaoni, pamoja na h na alama iliyo juu ya o. Alama hiyo huonyesha irabu ndefu, si pambo.