Jeneza Lililoachwa Wazi

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeipata na nimeisoma mara mbili. Umeniuliza kwa nini, ilhali watu weusi wa Marekani waliuawa kwa chuki ya rangi miaka nenda miaka rudi, kifo cha mtoto mmoja, Emmett Till, ndicho kinachotajwa kuwa kiliamsha harakati za kudai haki za kiraia.

Ni kweli kwamba kuuawa hakukuwa jambo geni. Mwaka uleule wa 1955, katika jimbo lilelile la Mississippi, Mchungaji George Lee na Lamar Smith waliuawa kwa sababu waliwahimiza weusi wenzao kupiga kura, na hakuna aliyehukumiwa. Emmett alikuwa na miaka 14, ametoka Chicago kuwatembelea jamaa zake karibu na kijiji cha Money, akadaiwa kumkosea adabu mwanamke mweupe dukani. Usiku wa kuamkia tarehe 28 Agosti, mume wa mwanamke huyo, Roy Bryant, pamoja na J. W. Milam, ndugu yake wa mama mmoja, walimtoa kitandani nyumbani kwa mzee wa ukoo wake, Mose Wright. Siku tatu baadaye mwili wake uliopolewa katika Mto Tallahatchie, shingoni umefungiwa kwa seng'enge feni nzito ya mashine ya kuchambulia pamba.

Hapo ndipo anapoingia mama yake, Mamie, na kwangu mimi jibu la swali lako liko kwake. Wakuu wa kule walitaka mtoto azikwe upesi hukohuko Mississippi. Yeye akashikilia arudishwe Chicago, na jeneza lilipofika likiwa na masharti kwamba lisifunguliwe, akaamuru lifunguliwe, akamtazama mwanawe tangu miguuni hadi kichwani, kisha akaamua liachwe wazi ili dunia nzima ione alichotendewa. Sisi tumelelewa kwamba maiti husitiriwa, na mwenye kuosha hasimulii alichokiona. Mamie naye alikuwa mcha Mungu; sidhani kwamba heshima ya maiti ilikuwa ndogo machoni pake. Alielewa, nadhani, kwamba safari hii sitara ingewasitiri wauaji. Maelfu kwa maelfu walipita mbele ya jeneza lile kanisani, na jarida la Jet, lililosomwa na weusi nchi nzima, likachapisha picha ya uso ule.

Kesi ilisikilizwa mwezi Septemba katika mji wa Sumner, mbele ya jopo la waamuzi 12, wote wanaume weupe. Mzee Mose alisimama kizimbani akamnyooshea kidole Milam, kitendo ambacho mtu mweusi wa Mississippi wakati ule alikifanya akijua kwamba huenda asiione kesho; baada ya kesi ilimbidi ahame jimbo. Waamuzi walijadiliana dakika 67 tu, wakawaachia huru washtakiwa, ambao miezi michache baadaye walikiri katika jarida moja, kwa malipo, kwamba ndio waliomuua.

Hata hivyo, mwanangu, hasira peke yake ingepoa. Iliwakuta watu waliokwisha kujipanga. Tarehe 27 Novemba, Daktari T. R. M. Howard, kiongozi wa watetezi wa haki za weusi huko Mississippi, alihutubia kuhusu mauaji hayo katika kanisa la Dexter Avenue mjini Montgomery, jimbo la Alabama, ambako mchungaji alikuwa kijana Martin Luther King, na miongoni mwa wasikilizaji alikuwamo Rosa Parks, katibu wa tawi la NAACP, chama cha kutetea haki za weusi. Siku nne baadaye Rosa alikataa kumpisha mzungu kiti ndani ya basi. Alipokamatwa, Jo Ann Robinson, kiongozi wa chama cha akina mama weusi mjini humo, alikesha na wasaidizi wachache akichapa maelfu ya vipeperushi, kwa kuwa mgomo wa kutopanda mabasi yeye na akina mama wenzake walikuwa wameufikiria muda mrefu. Ulidumu siku 381.

Mwisho wa barua yako uliniuliza kama mimi ningeweza kufanya alichofanya Mamie. Nimelifikiria kwa siku kadhaa, na sitakudanganya: ninapokuwaza wewe, naona mkono wangu ukikimbilia sanda kukufunika uso.

Mama yako