Daktari mgeni Dodoma, anza na saa

Wiki hii tena nimemsikia daktari mpya akimwambia mgonjwa ameze dawa "saa mbili", kumbe anamaanisha saa nane mchana. Muuguzi kijana kasimama pembeni, kimya. Jamani! Cheti cha Baraza la Madaktari Tanganyika mnacho, Kiswahili mmejifunza, na nawapenda kwa kuja kutusaidia. Ila haya myashike kabla ya raundi ya kwanza.

1. Saa. Kwenye kadeksi, yaani karatasi ya dawa ya wodini, tunaandika 07:00 na 19:00, lakini mgonjwa haishi kwenye kadeksi. Kwake 07:00 ni saa moja asubuhi, na saa saba ni 13:00 au usiku wa manane umeshapita. Daktari mmoja, sasa rafiki yangu, ameniruhusu nimsimulie kila mgeni yaliyomkuta. Alimpa ruhusa ya kurudi nyumbani mama wa kisukari kutoka vijiji vya Bahi, akiwa na insulini ya mchanganyiko ya kuchoma mara mbili kwa siku. Akamwambia: "Unachoma saa saba, halafu tena saa saba, kisha unakula." Mama akaitikia. Mchana akachoma, akala. Usiku akaamshwa na mjukuu, akachoma tena saa saba kamili kama alivyoagizwa. Kuwasha moto usiku ule aliona ni kusumbua watu, akalala bila kula. Alfajiri wakamkuta sukari imeshuka, kalowa jasho, anaitwa haitikii. Bodaboda, zahanati, dripu ya dekstrosi (sukari), kisha gari la wagonjwa hadi kwetu. Akapona, Mungu mkubwa. Daktari aliposikia maelezo ya mjukuu alishindwa kuendelea na raundi. Alikaa chumba cha wauguzi anarudia, "Nilimwambia mimi, kwa mdomo wangu." Kilichomuuma zaidi ni kwamba muuguzi aliyekuwepo siku ya ruhusa alilisikia kosa lile, akaona si adabu kumsahihisha mkubwa mbele ya mgonjwa.

Kwa hiyo tamka mwenyewe, kila unapoanza zamu na watu wapya: "Nikikosea Kiswahili, nikatizeni hapo hapo." Usipowapa ruhusa hiyo, watakuheshimu mpaka mgonjwa aumie. Na insulini ielekeze kwa mlo: kabla ya chai ya asubuhi, kabla ya chakula cha jioni.

2. "Nimeelewa, daktari" haitoshi. Mwambie akueleze atakavyofanya nyumbani, na ndugu aliyemleta awepo, maana mara nyingi ndiye atakayeshika dawa.

3. Shikamoo kwa mzee kabla ya swali lolote. Ukiongeza "mbukwenyi" kwa wazee wa Kigogo, historia utakayopewa itakuwa ndefu kuliko ile ya kwenye faili.

4. Degedege wakikwambia ni shetani, usicheke. Uliza wamempa nini kabla ya kuja. Mtoto huenda ameshanyweshwa dawa za mitishamba, na wakiona umewadharau watakuficha.

5. Ukimpigia daktari bingwa simu usiku, salamu moja inatosha. Sema unataka nini: aje, au akuelekeze. Kisha hali, historia fupi, vipimo. Wauguzi wetu vijana, hili ni lenu pia: "mgonjwa habadiliki sana" si taarifa. Taja presha, mapigo na oksijeni.